Raba za kikapu za shingo fupi: majibu ya maswali yenu

Mwezi uliopita niliandika aya moja tu kwenye safu hii kuhusu raba za zamani za mpira wa kikapu, zile za shingo fupi zinazoishia chini ya kifundo cha mguu, nikasema kwangu mimi hakuna kiatu cha kutembelea kila siku kinachozishinda. Maswali yamekuja mengi kuliko nilivyotegemea, kwa hiyo leo ukurasa mzima ni wa raba. Nimeyafupisha maswali na majina nimeyatoa.

Anko shikamoo. Niko chuo, nina miaka 21, nimedunduliza hela nataka raba moja tu ya kuvaa kila mahali. Naona Dunk, naona Air Force 1, naona Superstar, naona hizi 550, kila nikiuliza naambiwa jina tofauti. Nichukue ipi?

Marahaba mwanangu. Majina tutayarudia, kwanza nenda kafungue kabati lako, toa suruali tatu unazozivaa kweli, sio zile unazotamani kuzivaa, zile ambazo kila wiki ziko kwenye ndoo ya kufulia. Zilaze kitandani uangalie upana wa pindo, pale mguu wa suruali unapoishia. Jibu lako liko hapo, kwa sababu raba ya shingo fupi inaacha kifundo wazi na chochote kinachotokea kati ya suruali na kiatu kinaonekana chote, hakuna shingo ya kukuficha.

Sasa mi hizi raba nazigawa kwa unene wa soli, sio kwa brandi. Kuna nene, kuna za kati, kuna nyembamba, basi.

Nene ni Air Force 1. Ilitoka 1982, aliichora Bruce Kilgore, ilikuja ya shingo ndefu na ndio raba ya kwanza ya kikapu ya Nike kuwekwa hewa ndani ya soli, ya shingo fupi ikafuata mwaka uliofuata. Igeuze uitazame chini, utaona miduara mmoja ndani ya mwingine, pale chini ya vidole na pale kisigino, ile ilikuwa ya kumsaidia mchezaji azunguke kwa mguu mmoja bila kunasa sakafuni. Yaani ni kiatu kilichojengwa kumpokea mtu mkubwa anayetua kutoka juu, ndio maana kina mwili ule. Ukiivalia suruali ya kubana mguu unaonekana umeishia kwenye tofali. Ukiivalia suruali pana ya kushuka moja kwa moja, inatulia, unaona kabisa kwamba vitu viwili vimekutana saizi moja.

Za kati ndio nyingi. Forum ya Adidas ya 1984, ile yenye mkanda juu ya kamba, Dunk ya Nike ya 1985 aliyoichora Peter Moore, ikatolewa kwa rangi za timu za vyuo vya Marekani ndio maana mpaka leo Dunk inakuja na rangi mbili zinazopigana, na hiyo New Balance 550 ambayo kazi yake Steven Smith aliifanya ikatoka 1989, ikasahaulika kabisa miaka na miaka mpaka 2020 Aimé Leon Dore, kampuni ya mavazi ya New York, walipoirudisha sokoni. Hizi zinakubali karibu suruali yoyote isipokuwa zile za kubana sana na zile pana sana.

Nyembamba ni Superstar ya Adidas ya 1969 yenye kichwa cha gamba la mpira, Puma Clyde ya 1973, Campus nayo ya Adidas, na mama yao wote All Star ya Converse, iliyoanza 1917 ikiwa ya shingo ndefu, ya shingo fupi ikaja 1957. Hizi zinalala karibu na ardhi, zinapendeza na suruali iliyonyooka yenye pindo la wastani, na kaptula, na hata ile ya kubana kidogo.

Kwa mtu mwenye raba moja tu mimi nasema soli ya kati, mwili wa krimu au mweupe, na rangi ya pili moja tu iliyotulia, kijani kilichokoza au buluu ya giza au kijivu. Nyekundu ni nzuri ila inataka nguo za kuisikiliza, utaamka asubuhi unaanza kupanga nguo kwa ajili ya kiatu badala ya kiatu kukufuata wewe. Na krimu nakwambia makusudi, nyeupe tupu inakupa wiki mbili za raha afu kila doa linaongea, krimu inasamehe. Kwa hiyo kama suruali zako tatu ni za kawaida, zilizonyooka, 550 yenye kijivu au Dunk ya rangi tulivu. Kama ni pana, Air Force. Kama ni nyembamba nyembamba, Superstar na usihangaike tena.

Habari kaka. Mimi ni mwanamke, ni mfupi na mguu wangu ni mpana. Kila raba ya hivi nikivaa naona miguu kama boti. Afu nyingi zimeandikwa namba za kiume. Niachane nazo?

Usiachane nazo dada yangu, kuna vitu vitatu hapo na vyote vinatengenezeka.

Cha kwanza ni rangi mbele. Kiatu chenye kichwa cheupe na soli nyeupe jicho linakisoma chote kama kipande kimoja kirefu, kuanzia ncha mpaka kisigino. Tafuta raba ambayo kichwa kimezungukwa na kipande cha rangi nyingine, au soli ni ya rangi ya mpira wa asili, ile ya kahawia, na juu ni rangi nyingine, hapo jicho linakata njiani na mguu unafupika. Superstar kwa mtu mwenye hofu ya boti siishauri, lile gamba la mpira mbele linavuta macho yote pale pale.

Cha pili ni pindo. Suruali ikiishia juu sana ya kifundo afu kiatu kinene, mguu unakatwa mara mbili na ufupi unaongezeka. Suruali iguse kamba, iguse tu, isijikunje juu ya kiatu. Simama mbele ya kioo ukiwa umevaa kiatu, sio pekupeku, afu mwambie fundi akupimie hapo. Gauni na sketi zinakubali raba hizi vizuri sana hasa zinazofika chini ya goti, soksi fupi nyeupe au ya rangi ya ngozi yako, ukitaka mguu uonekane mrefu chukua ya rangi ya ngozi.

Cha tatu upana, na hapa usikubali kuambiwa panda namba. Ukipanda namba unapata urefu ambao huuhitaji, kisigino kinapwaya, unachubuka nyuma na mbele kunajikunja vibaya. Tafuta modeli yenye nafasi. Air Force ina nafasi mbele, New Balance viatu vyao vingi vinatengenezwa kwa upana tofauti tofauti japo sio kila modeli, All Star ni nyembamba pale katikati ya unyayo. Swedi, ile ngozi yenye vinyoya, na turubai vinalegea kufuata mguu kuliko ngozi ngumu iliyopakwa rangi nzito.

Na namba za kiume zisikutishe, ni hesabu tu. Kwa namba za Kimarekani, Nike wanaongeza moja na nusu, yaani 7 ya kiume ni 8.5 ya kike, Adidas wanaongeza moja, Converse wanaongeza mbili. Kiatu ni kilekile.

Mkubwa, navaa 42 maisha yangu yote. Nimeagiza mtandaoni pea mbili za brandi tofauti zote 42, moja inabana vidole, nyingine inapwaya. Nani kakosea?

Hakuna aliyekosea, 42 yako ndio haina maana ile unayoifikiri. Namba ya Ulaya inapanda kwa theluthi mbili za sentimita, kama milimita 6.7, ya Uingereza inapanda kwa theluthi ya inchi, karibu milimita 8.5, sasa hizo ngazi mbili haziwezi kukaa sawasawa na kila kampuni inaamua yenyewe wapi zikutane. Mfano mmoja tu, 42 ya Nike wanaiita 7.5 ya Uingereza, 42 ya Adidas wanaiita 8. Umeona? Na hapo bado hujafika kwenye umbo la kalibu, lile umbo la mguu ambalo kiatu kinavutwa juu yake kiwandani, moja ina tumbo, nyingine imebana.

Unachotakiwa kujua ni sentimita zako. Jioni, sio asubuhi, kwa sababu mguu unajaa kadri siku inavyokwenda, chukua karatasi uiweke chini mwisho wake uguse ukuta, vaa soksi utakayovaa na raba, simama juu yake kisigino kikiwa kimegusa ukuta na uzito wote umeuweka mguu huo. Mtu mwingine akuwekee alama mbele ya kidole kirefu, ukiinama mwenyewe mguu unasogea. Kidole kirefu sio lazima kiwe gumba, kuna watu wengi sana cha pili ndio kinatangulia. Pima kwa rula. Fanya miguu yote miwili ufuate mkubwa, mimi wa kulia ni sentimita 26.4 wa kushoto 26.1, miaka yote nilikuwa najaribishia wa kushoto ndio maana nilikuwa nanunua viatu vya kubana.

Afu funua ulimi wa raba, kwenye lebo pamoja na namba zingine kuna iliyoandikwa CM, yaani sentimita, au JP, yaani namba ya Kijapani. Hiyo ndio inaongea kuhusu mguu wako moja kwa moja, urefu wa mguu ambao kiatu kinaulenga. Anzia hapo, afu rekebisha kwa tabia ya modeli, Air Force na All Star zinajulikana kutoka kubwa, watu wengi wanashuka nusu namba na wanakaa vizuri, Dunk ni nyembamba zaidi, baki na namba yako.

Kikifika nyumbani kivae ndani kwenye zulia au mkeka usichafue soli, mbele ya kidole kirefu kibaki kama sentimita moja, na kisigino kisipande ukitembea. Kama kinapanda kidogo tu na kwingine kote pako sawa, pitisha kamba kwenye tundu la juu kabisa kwa nje kuingia ndani upande uleule iwe kijitanzi, upande wa pili hivohivo, afu kila kamba ipite kwenye kijitanzi cha mwenzake ndio ufunge. Kisigino kinakamatwa pale pale. Raba za shingo fupi zinauhitaji huu ujanja kuliko za shingo ndefu maana hazina kitu cha kushika juu.

Ile inayobana vidole irudishe. Ngozi inalegea kwa upana, kwa urefu hailegei.

Nimevaa raba yangu nyeupe wiki mbili tu, pale mbele vidole vinapokunjika imetoa mistari. Jamaa wananiambia nimeuziwa feki. Naomba ukweli.

Ukweli ni kwamba mistari sio ushahidi wa ufeki, ngozi inakunjamana. Angalia mgongo wa mkono wako ukikunja ngumi na ukifungua, ndio hivyohivyo. Ninachokuomba uangalie ni mikunjo ya aina gani.

Kaa mahali penye mwanga wa dirisha, bonyeza upande wa kiatu kwa kidole gumba taratibu. Ngozi nzuri inatoa vimikunjo vidogo vidogo vinavyotawanyika kuzunguka kidole kama maji yaliyotupiwa jiwe, ukiachia vinaondoka polepole. Plastiki inabonyea kama mpira na kurudi laini vilevile, haina vimikunjo. Afu tafuta mahali ambapo ngozi imekatwa ikaachwa wazi, mara nyingi ni ukingo wa pale kwenye matundu ya kamba, kama unaona nyuzi nyuzi zilizosokotana bila mpangilio ni ngozi, kama unaona kitambaa na juu yake utando mwembamba wa rangi, hiyo ni plastiki iliyobandikwa. Kuna ya katikati pia, ngozi ya tabaka la chini iliyopakwa plastiki nene juu, na raba nyeupe nyingi, hata za kampuni kubwa, ni hiyo. Sio wizi, ila ujue inavyozeeka: ngozi inakunjamana, ule utando unapasuka. Ukiona mistari yako imeanza kuwa na nyufa nyeupe au kijivu ndani yake, ndio utando unapasuka huo na hakuna dawa ya kuurudisha.

Kitu kingine, mkunjo mmoja mkubwa uliobonyea mbele ya vidole, mbali na pale mguu unapokunjika, ni dalili kiatu ni kirefu kwako. Rudi swali lililotangulia.

Kupunguza mikunjo: usivae siku mbili mfululizo, jasho la siku moja linahitaji siku nzima kukauka na ngozi yenye unyevu ndio inayoshika mikunjo. Ukivua, jaza karatasi nyeupe isiyo na maandishi, za gazeti zinaacha wino, au weka kalibu ya mbao. Na zile plastiki ngumu za kuweka mbele ndani ya kiatu ukiwa umevaa ili kisikunjike, mimi sizipendi hata kidogo, kiatu kisipokunjika mguu wako ndio unaoteseka. Raba ya kikapu iliundwa ikunjike. Mikunjo iliyokaa mahali pake mimi naiona nzuri, inaonyesha kiatu kina mwenyewe.

Naweza kuchezea kikapu hizi raba? Au shingo fupi itanivunja kifundo?

Kwa kutupa mipira na marafiki jioni, sawa. Kwa mechi na mazoezi ya kweli, hapana, na sababu sio shingo. Watu wanaamini shingo ndefu inalinda kifundo, ila mwaka 1993 ulitoka utafiti Marekani uliofuatilia wachezaji 622 wa vyuo, wakagawiwa viatu vya shingo ndefu na fupi, na haukuonekana uhusiano mkubwa kati ya aina ya kiatu na kuteguka. Mwishoni mwa 2008 Kobe Bryant akaingia NBA na raba ya shingo fupi aliyoitaka mwenyewe baada ya kuangalia wacheza soka wanavyogeuka na viatu vifupi, leo wachezaji wengi wanavaa fupi. Tatizo la hizi za zamani ni soli, ni mpira mzito na godoro jembamba, lile tabaka laini kati ya mguu na mpira wa chini, teknolojia ya miaka ya 70 na 80, magoti yako yatajua. Chezea za kisasa, hizi tembelea.

Mdogo wangu, nina miaka 58, nimestaafu mapema. Wanangu wamenizawadia raba za hivi. Nazipenda lakini naogopa kuonekana nalazimisha ujana. Unasemaje?

Shikamoo mzee wangu. Mimi nasema hizi ni za kwenu, sisi tumezikuta. Superstar ilitoka 1969, Clyde ikatoka 1973 ikipewa jina la utani la Walt Frazier wa New York Knicks, mtu aliyekuwa anasifika kwa kuvaa kama anavyosifika kwa kucheza, na mpaka uzeeni hajaacha kuvaa vizuri. Alitaka kiatu cha swedi, laini, chembamba, na jina lake liliandikwa ubavuni kwa herufi za dhahabu. Hicho ni kiatu cha mtu mzima.

Kinachomfanya mtu aonekane analazimisha ni kuvaa vyote kwa pamoja, raba kubwa, suruali iliyochanika, kofia, tisheti yenye maandishi makubwa. Raba hizo ziwe ndio kitu pekee cha ujana mwilini, vingine viwe vyako vya siku zote, suruali ya kadeti iliyopigwa pasi, shati la mikono mirefu umekunja mara mbili, mkanda. Kama wanao wamekuletea za rangi kali, waambie kwa upole ubadilishe, chukua swedi ya buluu ya giza au kahawia au kijani kilichokoza. Soksi ziendane na suruali sio na kiatu, ukikaa chini mguu usikatike. Na kama magoti au nyayo zinasumbua, toa soli ya ndani iliyokuja nayo uweke nene yenye kuinua tao la unyayo, kwenye raba zenye soli ya ndani inayotoka inaingia vizuri, kwenye zile iliyogandishwa kwa gundi usiilazimishe. Vaa mzee wangu, vaa kwa raha zako.

Soli nyeupe zimekuwa njano. Nimeloweka kwenye dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, zimekuwa njano zaidi. Nifanyeje?

Acha hiyo dawa leo leo. Mpira mweupe unageuka njano kwa hewa na mwanga wa jua kuula polepole, na ile dawa inaharakisha kazi hiyohiyo, pia inalegeza gundi na kukausha uzi wa kushonea.

Njano iliyoingia ndani ya mpira haitoki yote, nakwambia ukweli ili usipoteze hela. Njano ya juu, ya uchafu na mabaki ya sabuni, inatoka. Toa kamba na soli ya ndani uzifue pembeni. Beseni la maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji kidogo, mswaki laini uliozeeka kwa ngozi na mgumu kidogo kwa soli, usikitumbukize kiatu, chovya mswaki tu. Uzifute kwa kitambaa kilicholowa maji safi mara mbili tatu mpaka povu liishe kabisa, hapa ndio watu wanaharibu, sabuni ikibaki ikakaukia ndio inaleta yale madoa ya njano kwenye kingo. Kaushia kivulini penye upepo. Jua kali hapana, hata kama una haraka. Ukitaka kuwa makini zaidi zungushia karatasi laini nyeupe kwenye soli ikiwa bado mbichi, unyevu ukitoka unaacha uchafu kwenye karatasi. Mashine ya kufulia usithubutu.

Swedi ni dini nyingine, maji kidogo iwezekanavyo, ikauke kwanza afu brashi, na raba ya kufutia penseli inatoa madoa mengi kuliko watu wanavyofikiri.

Na kama njano imebaki, badilisha kamba ziwe za krimu. Kamba nyeupe pepe ndio zinazoisema soli, za krimu zinakaa nayo familia moja. Matundu 6 au 7 kila upande, kamba za sentimita 120 zinatosha.

Kaka, marehemu kaka yangu mkubwa aliacha raba zake za kikapu za miaka ya 90, ziko kwenye boksi, hajawahi kuzivaa zaidi ya mara mbili. Miguu yetu namba moja. Nataka kuanza kuzivaa. Kuna la kuangalia?

Pole sana, Mungu amrehemu. Na asante kwa kuuliza kabla ya kuzivaa, maana mimi sikuuliza. Niliwahi kununua pea iliyokaa dukani miaka mingi, mpya kabisa ndani ya boksi, nikaivaa siku ya kwanza kwenda kwenye harusi na kabla sijafika kisigino cha kulia kikaanza kumwagika kama mkate mkavu. Nilidhani nimekanyaga kitu. Nilipogeuza mguu nikaona soli inatoka vipande vipande, na ngozi ya juu inang'aa kama imetoka kiwandani jana.

Sababu ni godoro la soli. Kama ni povu la poliyurethani, aina ya plastiki laini, maji yaliyomo hewani yanalivunja kidogo kidogo kutoka ndani, miaka inavyokwenda, uivae au usiivae. Kukaa kwenye boksi hakulindi. Soli ya mpira mtupu iliyoshonwa pembeni inastahimili zaidi, yenyewe inakakamaa na gundi inaachia ila haimwagiki.

Kwa hiyo kabla hujaziingiza mguuni, zitoe kwenye boksi uziweke juu ya karatasi nyeupe. Bonyeza ubavu wa soli kwa ukucha, nguvu kidogo tu. Alama ikirudi, vizuri. Alama ikibaki, au unga ukabaki kwenye ukucha, au ukihisi inanata, au ina harufu kali ya siki au kemikali, soli hiyo imekufa. Afu ukunje mbele taratibu uangalie ile karatasi chini, kama kuna punje zimedondoka jibu unalo.

Zikiwa nzima, zivae, anza ndani ya nyumba siku kadhaa, afu safari fupi, usianze na safari ambayo huwezi kurudi pekupeku. Zikiwa zimekufa usizitupe na usijaribu gundi, gundi haishiki unga. Tafuta fundi anayebadilisha soli nzima, anachukua soli iliyo hai kutoka pea nyingine ya umbo moja, anaibandika na kuishona, ile ya juu inabaki ya kaka yako ileile. Muulize kwanza amewahi kufanya raba ngapi za aina hiyo, na akuonyeshe moja.

Kabla hujampelekea, fungua kamba wewe mwenyewe. Ziko vile alivyozipitisha yeye, piga picha kwanza uone zilivyopita, afu uzitoe uziweke nyumbani, viatu vikirudi uzipitishe hivohivo.